Kubadilisha rejeta na kulanti katika gari la zamani: somo nililolipata Manyatta



Juzi nilipanda bara mpaka Manyatta, kaunti ya Embu, kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Sikwenda kwa ajili ya gari. Lakini nilipoingia uwanjani nilimkuta shemegi amesimama na mnunuzi wa skrapu, wanapatana bei. Kilichokuwa kikiuzwa ni Datsun 240Z ya marehemu baba yake, imeegeshwa chini ya mparachichi, boneti iko wazi kama mdomo wa mgonjwa kwa daktari.

"Shemeji, injini imekufa," akaniambia hata kabla sijakaribishwa maji. "Kila nikitoka Embu mjini kuja huku juu, inachemka. Nimeambiwa hedi imepinda."

Nikamuuliza: kuna fundi aliyeifungua hiyo hedi akaipima? Hakuna. Kuna aliyepima rejeta? Hakuna. Basi nimeambiwa ni nani huyo? Akacheka, nami nikamwomba yule mnunuzi atupe siku mbili. Siku mbili zikawa nne, lakini gari halikuuzwa kwa kilo.

Nilichukua diploma ya ufundi wa magari kabla sijaingia katika uandishi, na kazi hii ya rejeta ni miongoni mwa chache ambazo mtu mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Naiandika hapa hatua kwa hatua. Mfano wangu ni 240Z, lakini mwenye Peugeot 504, Ford Escort au Corolla ya zamani atajiona humu pia, maana mpango ni ule ule: rejeta mbele, feni ya mkanda, mpira wa juu na mpira wa chini.

Gari lenyewe

240Z ilitengenezwa na Nissan kuanzia 1969 hadi 1973. Ni gari la michezo la milango miwili, lakini si la kuchezea. Mwaka 1971 lilishinda mbio za Safari mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Gari lililoshinda Safari mara mbili haliwezi kushindwa na mlima wa kutoka Embu mjini kwenda Manyatta. Likishindwa, kuna kitu kimeharibika, na kitu hicho kinatafutika.

Injini yake ina silinda sita katika mstari mmoja, ukubwa wa cc 2,393. Bloki ni ya chuma cha kusubu na hedi ni ya alumini. Shika hilo, kwa sababu ndilo linalofanya joto liwe jambo la hatari. Alumini hupanuka kuliko chuma. Injini ikipata joto la kupita kiasi, hedi hutaka kutanuka nayo imefungwa kwa bolti juu ya bloki isiyotanuka kiasi hicho. Matokeo ni hedi kupinda na gasketi yake kuungua. Ukifika hapo, kazi ya siku moja imekuwa kazi ya mwezi.

Wenye Volkswagen ya kobe na Porsche 911 zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1990 wanaweza kusoma makala haya kwa raha zao tu. Magari hayo hupozwa kwa hewa, hayana rejeta. Kobe ilishinda Safari miaka ya 1954, 1957 na 1962 bila tone la maji kwenye injini.

Kwa nini gari linachemka Manyatta na Mombasa halichemki

Sisi wa pwani tumezoea kuwa maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Hiyo ni kwa sababu tunaishi kwenye usawa wa bahari. Kila ukipanda takriban mita 300, kiwango hicho hushuka karibu nyuzi moja. Embu mjini ni kama mita 1,350 juu ya bahari, kwa hivyo maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 95 au 96. Ukielekea juu zaidi, upande wa msitu wa Mlima Kenya, yanachemka mapema zaidi. Dada yangu aliligundua hilo kwa maharagwe kabla mimi sijalieleza kwa vitabu.

Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni vitu viwili. Cha kwanza ni kifuniko cha rejeta. Watu hukiona kama kizibo cha chupa, kumbe ni valvu ya shinikizo. Cha 240Z hushikilia takriban psi 13, na kila psi moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Kifuniko kizima, basi, kinakupa kama nyuzi 20 za akiba. Cha pili ni kulanti yenyewe. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji, kiwango hupanda nyuzi nyingine chache, na pamoja na kifuniko kizima unapita nyuzi 120.

Sasa fikiri mtu anayetia maji matupu, kifuniko chake mpira umekauka, naye yuko Manyatta. Akiba yote ameitupa.

Usiifungue ikiwa moto

Kabla ya spana yoyote, nisikilizeni kwa hili. Nina kovu la moto kutoka kwenye kiwiko mpaka kifundo cha mkono wa kulia. Nililipata Mtito Andei nikiwa kijana, gari limechemka, abiria wananihimiza, nikafungua kifuniko kwa kitambaa. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hubaki maji kwa sababu ya lile shinikizo tu. Ukifungua, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Mimi nilikuwa nimegeuza uso, alhamdulillahi. Wapo ambao hawakugeuza.

Gari likichemka barabarani: simama, zima, fungua boneti, kaa kando. Ngoja saa nzima au zaidi. Usimwage maji baridi juu ya injini ya moto, utaipasua au kuipinda hiyo hedi uliyokuwa unaiokoa. Shika mpira wa juu kwa tahadhari. Ukiwa bado mgumu na wa moto, bado kuna shinikizo ndani. Ukiwa laini na mkono unastahimili, hapo ndipo ufungue, polepole, robo mzunguko kwanza.

Kabla ya kuilaumu injini

Asubuhi ya pili, gari likiwa baridi kabisa, mimi na shemegi tulilipima kwa mpangilio huu.

Tulitoa kijiti cha oili. Oili iliyochanganyika na maji huwa kama chai ya maziwa. Yake ilikuwa nyeusi, chafu, lakini haina maji. Dalili nzuri.

Tulifungua kifuniko cha rejeta, tukajaza maji, tukawasha injini tukitazama shingoni. Gasketi ya hedi ikiwa imeungua, hewa ya silinda hupenya ikatoa mapovu mfululizo. Hatukuona mapovu. Moshi mweupe mzito wa nyuma, ule usiokwisha hata injini ikipata joto, pia haukuwepo.

Tuliiacha ipate joto, tukazima, kisha nikapitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Juu palikuwa moto. Katikati na chini palikuwa na mabaka ya ubaridi. Hayo mabaka ni mirija iliyoziba. Maji hayapiti, kwa hivyo joto halitoki. Mapezi yake nayo yalikuwa yakimomonyoka kwa ukucha.

Tuliangalia kifuniko. Mpira wake ulivunjika kama biskuti.

Tulifungua nyumba ya themostati, iliyo mbele ya hedi pale mpira wa juu unapoanzia. Ilikuwa tupu. Fundi mmoja wa zamani aliitoa "ili maji yapite vizuri".

Mkanda wa feni ulikuwa umelegea. Ukiubonyeza katikati ya puli mbili kwa kidole gumba, haupaswi kwenda zaidi ya sentimita moja hivi. Wake ulikwenda mara mbili ya hapo.

Makosa manne, na hakuna hata moja lililo ndani ya injini. Yule mnunuzi wa skrapu alikuwa ameshafika ndani ya mkoba wa fedha.

Kosa lilitoka kwetu

Nikaanza kujiuliza rejeta imezibwa na nini. Ndani ya shingo mlikuwa na ukoga mweupe juu ya kutu. Shemegi akakumbuka: baba yake alifanya kazi Mombasa miaka mingi, na gari hili lilinyweshwa maji ya kisima kama sisi sote. Maji ya visima vyetu vingi kisiwani yana chumvi na chokaa. Tukichemsha chai, birika hufanya gome. Rejeta ni birika linalochemshwa kila siku kwa miaka 30. Gome likiingia kwenye mrija mwembamba wa shaba, mwisho wake ni huo.

Kwa hivyo nawaambia wenye magari wa Mombasa, Malindi, Lamu na Unguja: maji ya kisima si ya rejeta. Dukani na kwenye vituo vya petroli kuna maji yaliyosafishwa, wengi huyaita maji ya betri. Hayo ndiyo. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa rafu ile ile, na hiyo haiingii kwenye rejeta wala haiguswi kwa mkono.

Rejeta mpya, au kuifufua ya zamani?

Rejeta ya asili ya 240Z ni ya shaba, matangi juu na chini, mirija katikati. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kumpelekea fundi wa kulehemu, akatoa kiini kilichooza akalehemu kipya kati ya matangi yale yale. Gari hubaki na sura yake ya asili, na kazi hii mafundi wa juakali wa zamani wanaijua vyema. Uliza kiini ni cha safu ngapi za mirija. Usikubali kurudishiwa safu chache kuliko ulizokuja nazo.

Ya pili ni kununua mpya ya shaba ya mfano ule ule.

Ya tatu ni ya alumini. Ni nyepesi na inapoza vizuri, lakini haivumilii maji machafu wala umeme unaopotea kwenye waya mbovu za mwilini mwa gari. Ukiichagua, hakikisha waya wa ethi wa injini ni mzima na kulanti ni sahihi, la sivyo itatoboka mapema.

Sisi tulipata mpya ya shaba, ikaletwa kwa matatu kutoka Nairobi. Ndiyo iliyotula zile siku mbili za ziada. Kabla hujalipa, pima ya zamani kwa utepe: urefu, upana, unene, mahali pa mdomo wa juu na wa chini, na nafasi za matundu ya bolti. Gari likiwa la gia za otomatiki, tangi la chini la rejeta lina mirija miwili ya kupoza oili ya gia. Ile ya gia za mkono haina. Kosea hapo utairudisha.

Kuitoa ya zamani

Gari liwe baridi, mahali palipo sawa, breki ya mkono imevutwa na jiwe nyuma ya gurudumu. Toa waya hasi wa betri. Sukuma kidhibiti cha hita upande wa joto, ili maji ya kwenye hita nayo yatoke.

Weka beseni pana chini. Fungua kifuniko, kisha koki iliyo chini ya rejeta. Koki za zamani hukwama. Ukiona inakaribia kuvunjika, iache, legeza klipu ya mpira wa chini uuvute, maji yatoke hapo. Ubavuni mwa bloki kuna bolti ya kumwagia. Ikikubali, ifungue pia, maana maji mengi hubaki ndani ya injini.

Pima kilichotoka kwa chupa ya lita. Kilinganishe na ujazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Namba hiyo utaihitaji wakati wa kujaza.

Tafadhali usimwage kulanti ya zamani chini. Kiini chake, glaikoli, ni sumu, na ladha yake ni tamu. Paka, mbwa na mbuzi huilamba, na mtoto mdogo pia. Pale Manyatta nilimwonyesha shemegi bonde la mto Rupingazi. Rupingazi huingia Thiba, Thiba huingia Tana, na Tana humwagika baharini kwetu Kipini. Unachomwaga mlimani kitamfikia mvuvi. Tuliifungia kwenye mtungi, tukaiandika kwa rangi, tukaiweka juu asipofikia mtoto, mpaka ipelekwe gereji inayokusanya oili na maji machafu ya magari.

Sasa mipira. Ikiwa ya zamani, usihangaike kuivuta. Ichane kwa kisu kwa urefu, utabadilisha tu. Ukiilazimisha kwa bisibisi utapinda mdomo wa shaba. Toa kava la feni kama lipo. Weka kipande cha boksi gumu kati ya feni na rejeta, kilinde mapezi na vidole vyako. Kisha fungua bolti nne, mbili kila upande, huku mwenzako ameshika. Inyanyue wima, bila kuilaza. Ile ya shemegi ilitoka na uzito kama wa mfuko wa saruji uliolowa. Ndivyo chokaa ilivyo.

Kuosha injini

Usifunge rejeta safi kwenye injini chafu. Ukifanya hivyo, uchafu wote utahamia kwenye mirija mipya. Pitisha maji safi ya mfereji kwenye mdomo wa themostati yatokee kwenye mdomo wa pampu, kisha upande wa pili. Endelea mpaka yatoke meupe. Yetu yalianza na rangi ya kahawa, yakawa chai ya rangi, mwisho yakawa maji. Iangalie pampu yenyewe wakati huu: ishike puli uitikise. Ikicheza, au kitundu chake cha chini kinavuja, ibadilishe sasa hivi ambapo kila kitu kiko wazi.

Themostati si adui

Mafundi wengi huitoa themostati wakisema huku kwetu ni joto, haina kazi. Nawaheshimu, lakini hapa siwafuati. Themostati hufunga njia mpaka injini ifike joto lake la kazi, kisha hufungua. Bila hiyo, asubuhi ya Manyatta injini hukaa baridi muda mrefu, hunywa mafuta mengi, na silinda huchakaa haraka. Na rejeta ikiwa imeziba, kuitoa themostati hakuizibui. Kunaficha ugonjwa tu mpaka siku ya mlima.

Nunua ya nyuzi 82, ndiyo ya kawaida kwa injini hii. Ijaribu kabla ya kuifunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ipashe moto. Ianze kufunguka karibu na nyuzi 82. Hata Manyatta ambapo maji huchemka mapema, jaribio hili linafanyika. Kisha ifunge na gasketi mpya, kile kijipini chake kidogo kinachochezacheza kikae juu. Hicho ndicho kinachotoa hewa.

Kufunga mpya

Iteremshe wima ile rejeta, ishike kwa bolti nne bila kukaza, isawazishe, ndipo ukaze. Zungusha feni kwa mkono mzunguko mzima. Isiguse kitu. Weka mipira mipya, klipu zikae nyuma ya ukingo wa mdomo na si juu yake. Kaza mpaka zishike, usizidishe; shaba ni laini. Kaza mkanda wa feni. Weka kifuniko kipya cha psi ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani. Ukiweka cha psi kubwa ukidhani unaongeza nguvu, mpira dhaifu au mirija ya hita ndiyo itakayopasuka.

Kujaza kulanti

Kulanti haifanyi kazi ya kupoza peke yake. Ndani yake mna dawa za kuzuia kutu, na hizo ndizo hasa tunazozihitaji sisi tusioijua theluji. Bloki ya chuma, hedi ya alumini na rejeta ya shaba zikikaa pamoja ndani ya maji matupu, zinalana.

Kwa gari la zamani lenye shaba na lehemu, chagua kulanti ya aina ya zamani, ambayo kwa kawaida ni ya kijani, nawe uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Lakini usiamini rangi peke yake, soma chupa, maana rangi haina sheria. Usichanganye aina mbili. Zikikataana hufanya utelezi kama uji na kuziba rejeta uliyoinunua jana.

Tena soma kama ni iliyokwisha changanywa au ni kali. Iliyochanganywa huiongezei maji. Kali huichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Na hapa kuna ujanja: ukishaiosha injini, maji fulani yamebaki ndani. Ukimimina mchanganyiko uliotengeneza pembeni, utakuwa mwepesi mno. Chukua ujazo wote wa kitabu, ugawe kwa mbili, tia kwanza kiasi hicho cha kulanti kali. Kama ni lita 9, tia lita nne na nusu. Kisha malizia kwa maji yaliyosafishwa mpaka ijae. Nusu kwa nusu inapatikana yenyewe.

Kutoa hewa

Gari nyingi huchemka baada ya rejeta mpya kwa sababu ya hewa iliyonaswa. Mlima uliokuwa adui wetu ukawa msaada: tulisukuma gari likaelekeza pua juu ya kilima, shingo ya rejeta ikawa ndiyo mahali pa juu kabisa. Ukiwa pwani tambarare, pandisha mbele kwa jeki na uliweke kwenye stendi imara, magurudumu ya nyuma yamezuiwa.

Kidhibiti cha hita kiwe upande wa joto. Jaza polepole huku ukibinyabinya mpira wa juu. Utaona mapovu yakitoka. Rudisha waya wa betri, washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache ilie taratibu. Usisogeze uso shingoni, wala kanzu au skafu karibu na feni. Tazama mpira wa juu. Utakaa vuguvugu muda, kisha ghafla utakuwa moto: themostati imefunguka. Hapo kiwango kitashuka. Ongeza. Mapovu yakikoma, funga kifuniko.

Magari mengi ya zama hizo hayana chupa ya akiba, yana kijimpira tu cha kumwagia chini. Kwa hivyo usijaze mpaka mdomoni. Acha kama sentimita mbili tatu chini ya shingo kwa ajili ya kupanuka. Ukijaza pomoni, gari litatema ziada, nawe utadhani linavuja.

Kulijaribu

Tuliliendesha kwanza mzunguko mfupi, tukarudi, tukachungulia kila klipu. Likapoa usiku kucha. Asubuhi tukafungua kifuniko, likadai karibu glasi mbili, tukaongeza. Siku ya pili halikudai kitu.

Alasiri tukateremka mpaka Embu mjini, tukaswali, kisha tukaanza kupanda. Shemegi alikuwa kwenye usukani, na sidhani alitazama barabara zaidi ya alivyoitazama geji. Sindano ilipanda mpaka katikati, ikakaa. Tulipita mashamba ya kahawa, tukaingia yale ya chai, sindano iko pale pale. Hakusema neno mpaka tulipozima injini chini ya mparachichi. Kisha akasema, "Shemeji, jana mzee angelala kwenye mizani ya skrapu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwa wenye magari ya wazazi wao: kabla hujaujenga ukuta, au hujauza nyumba, tazama kama ni ufa tu. Toa kijiti cha oili, tazama mapovu, gusa rejeta, angalia kifuniko. Ni kazi ya asubuhi moja, na haina gharama.

Panapo majaaliwa, tuonane wiki ijayo.